Mungu Hakuwasahau Watoro wa Rabai

Leo tunawaletea habari za kale, kwa maana Mungu wetu hafanyi kazi yake hewani. Huifanya mahali penye jina, na katika miaka inayohesabika.

Kwanza tuwaeleze jinsi neno hili lilivyotujia. Siku moja tulikwenda pamoja na mzee wa kanisa kumtembelea mama mmoja mjane katika parishi yetu. Mumewe alimwachia shamba dogo, na kabla kaburi halijaota nyasi, watu wenye nguvu kumshinda walikuja na karatasi wakasema shamba si lake. Tangu hapo kesi imekwenda miaka mingi. Kila mara huambiwa arudi mwezi ujao. Leo faili haionekani, kesho mwenye kuisikiliza hayupo.

Tuliketi, tukanywa chai yake, na tulipoinuka kuondoka tukamwambia yale ambayo sisi wachungaji tumezoea kusema: "Mama, mwachie Mungu." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Pasta, mimi nimekwisha kumwachia Mungu. Ninalotaka kujua ni hili: wewe umeachiwa nini?"

Njiani hatukuwa na mengi ya kuzungumza na mzee yule. Neno la mama lilitembea pamoja nasi. Tuliona kwamba twaweza kulitaja jina la Mungu kama mtu afungaye mlango, ili kilio cha jirani kibaki nje. Basi tukarudi kwenye Biblia, na tukarudi pia kwenye historia ya Kanisa letu hapa Kenya, tupate kuuliza: wale waliotutangulia walipoonewa, au walipoona wengine wakionewa, walimtumainije Mungu wa haki?

Tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, aya ya 15 na 16. Kwa maneno yetu wenyewe, amri iliyo pale yasema kwamba mtumwa aliyetoroka na kupata kimbilio kwa Waisraeli asikabidhiwe tena kwa yule aliyemtoroka. Apewe mahali pa kukaa, tena pale atakapopachagua mwenyewe, na mtu asimsumbue. Hiyo ni amri ya ajabu. Katika Babeli ya kale, sheria za mfalme Hammurabi zilimhukumu kifo mtu aliyemficha mtumwa mtoro nyumbani mwake. Ulimwengu ulisema, "Ukimficha utakufa." Mungu wa Israeli akasema, "Ukimrudisha umenikosea mimi." Kwa nini? Kwa sababu Israeli wote walikuwa watoro. Walitoka Misri usiku, na majeshi ya Farao yakawafuata nyuma. Taifa la watoro halina ruhusa ya kumfungia mtoro mlango.

Sasa twende pwani yetu. Katika karne ya 19 nchi ile, toka Vanga hata Lamu, ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mashamba makubwa ya Malindi, Takaungu na Mombasa yalilimwa na watumwa. Nafaka yao ilipakiwa majahazini ikaenda kuuzwa hata Arabuni. Wengi wa watu hao walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo waliokamatwa katika nchi za kusini, wakashushwa mpaka pwani na kuuzwa.

Na tusiseme kwamba dhambi hii ilikuwa ya dini moja au ya rangi moja. Wafanya biashara wa Ulaya, waliojiita Wakristo, walivusha mamilioni ya Waafrika katika bahari ya Atlantiki. Hata Waafrika kwa Waafrika waliuzana. Hakuna kabila wala dini iwezayo kusimama mbele ya Mungu na kuonyesha mikono mitupu.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikubali mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza watu wasisafirishwe baharini kwa kuuzwa. Twafundisha watoto wetu tarehe hiyo shuleni, na ni vyema. Lakini sikilizeni sana: mkataba ule ulikataza biashara, haukuukataza utumwa. Aliyelala mtumwa siku ile aliamka mtumwa kesho yake. Jembe lake lilikuwa lilelile na bwana wake alikuwa yuleyule.

Baada ya mkataba huo, chama cha misheni cha CMS kilimtuma William Salter Price aje Mombasa. Alifika mwaka 1874, na mwaka 1875 kijiji kikaanzishwa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Kijiji kikaitwa Frere Town, kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyeshughulikia mkataba ule. Hapo pakatundikwa kengele. Ililia kuwaita watu kwenye sala, tena ililia kuwaonya watu kama wenye kukamata watumwa walikuwa karibu. Hata leo mahali pale panaitwa Kengeleni. Makanga wa matatu hulitaja jina hilo kutwa, na abiria hushuka wakaenda zao, pengine bila kukumbuka kwamba kuna siku kengele ile ilimaanisha, "Amkeni, mtoto wenu asichukuliwe."

Basi, waliookolewa baharini walikuwa huru kwa sheria. Lakini kulikuwa na watu wa namna nyingine, nao ndio tunaotaka kuwataja leo. Hao ni watoro. Hawakuokolewa na manowari. Walijiokoa kwa miguu yao. Mtu aliondoka shambani kwa bwana wake, akapita msituni, akafika Rabai au Frere Town au Ribe kwa Wamethodisti, akabisha. Kwa sheria ya wakati ule alikuwa mali ya mtu. Kumpokea kulihesabiwa sawa na kuficha mali ya wizi.

Hapo Kanisa likapatikana katika njia panda. Wenye watumwa walikasirika, na mwaka 1880 kulikuwa na tishio kwamba watashuka waivamie Frere Town. Wakubwa wa Kiingereza hawakutaka fitina na Sultani, wakawaonya wamishonari wasipokee watoro. Viongozi wa misheni nao wakaogopa kwamba kazi yote ya Injili itaharibika. Basi amri zikatoka kwamba watoro wasikaribishwe, na wako waliorudishwa walikotoka. Na tuseme kweli yote, kwa maana Biblia haifichi dhambi za watu wa Mungu: mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilifanywa hata uchunguzi juu ya viboko na mateso waliyopata watu ndani ya Frere Town yenyewe, mikononi mwa msimamizi wa misheni. Mtu alikimbia fimbo ya shambani akakutana na fimbo kivulini pa kanisa.

Je, waliowarudisha watoro hawakuwa na Biblia? Walikuwa nayo. Pengine twaweza kufikiri kwamba waliikumbuka barua ya Paulo kwa Filemoni, maana Paulo alimrudisha Onesimo kwa bwana wake. Lakini tuisome barua ile mpaka mwisho. Paulo alimtuma Onesimo akiwa na barua mkononi, ya kumtaka Filemoni ampokee kama ndugu mpendwa, si kama mtumwa tena. Katika aya ya 18 Paulo akasema kwamba deni lolote la Onesimo liandikwe juu yake yeye mwenyewe. Yaani Paulo alijiweka katikati. Anayemrudisha mtoro kwenye kiboko, kisha akajitaja kuwa mfuasi wa Paulo, amechukua nusu ya mfano na kuiacha ile nusu yenye gharama.

Lakini Mungu hakukosa mashahidi. Palikuwa na mtu mmoja Rabai, jina lake William Henry Jones. Alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akaokolewa baharini, akapelekwa India, akalelewa katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Mwaka 1864 aliletwa pwani yetu kusaidia kazi ya mmishonari Johannes Rebmann. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huohuo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya kwenda Buganda. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones ndiye aliyewaongoza watu wa msafara waliobaki, mwendo wa wiki nyingi, mpaka wakafika Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886.

Katika miaka hiyo, chini ya uangalizi wake, Rabai pakawa kimbilio kubwa la watoro. Walijenga vibanda, wakalima mihogo na mahindi, wakaja kanisani. Je, Jones hakujua kwamba kuna amri? Alijua. Lakini alikijua pia kitu kingine ambacho waandika-amri hawakukijua: alijua maana ya kuuzwa. Naye hakuwa na haja ya kufundishwa Kumbukumbu la Torati sura ya 23, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa katika maisha yake.

Na kaskazini zaidi, katika nchi ya Wagiriama, palikuwa na kijiji kiitwacho Fuladoyo. Huko Wakristo wa Kigiriama na watoro walikaa pamoja, na hapakuwa na mmishonari Mzungu. Kiongozi wao aliitwa David Koi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliuawa na maadui wa kijiji kile cha watoro. Wakristo wengi wa Kenya hawajapata kulisikia jina lake. Watajapo mashahidi wa imani, watu hutaja wa Uganda, na ni haki yao kutajwa. Lakini sisi nasi tulikuwa na Mkristo wa Kigiriama aliyemwaga damu kwa sababu kijiji chake kiliwafungulia watoro mlango.

Wapendwa, hebu tusimame hapo kidogo. Mtoro aliyeishi Rabai mwaka 1886 au 1887 alimtumainije Mungu? Hakuwa na hati. Hakujua kama kesho atakuja mtu na kamba. Aliomba jioni, na asubuhi akachukua jembe akalima shamba ambalo huenda asingelivuna. Hiyo ndiyo imani. Mtu anayelima akingoja mvua hatumwiti mvivu. Kutumaini haki ya Mungu si kukunja mikono. Ni kupanda mbegu katika udongo wa Mungu kabla sheria ya wanadamu haijakupa ruhusa.

Sasa tufike mwaka 1888. Mwaka huo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya malkia, na mwezi wa Oktoba mwakilishi wake, George Mackenzie, akafika Mombasa. Mara wenye watumwa wakamletea mashtaka yao: "Watu wetu wako misheni. Twawataka." Mackenzie alihitaji amani na watu wa Mombasa, kwa maana biashara ya kampuni ilikuwa ianzie pale. Ikafanywa hesabu katika vituo vya misheni, vya CMS na vya Wamethodisti. Watoro walionekana kupita 1,400. Huko Rabai walikuwa mamia, kinyume cha amri zote.

Mambo yangeweza kuishia pabaya. Lakini Mackenzie aliwashauri wenyewe wakubali kulipwa fidia, kisha wawaache watu wao. Fedha zikapatikana, kama pauni 3,500. Na tarehe 1 Januari 1889, siku ya Mwaka Mpya, huko Rabai, watoro wakapewa hati zao za uhuru. Aliyekuwa mtoro jana akawa mtu wa kutembea mchana. Mama aliyeishi kwa kusikiliza nyayo za usiku angeweza sasa kulala na watoto wake.

Tulipokuwa tukisoma katika chuo cha theolojia, mwalimu wetu alitupeleka Rabai. Ni zaidi ya kilomita 20 tu kutoka Mombasa. Tulisimama nje ya kanisa, chini ya minazi, tukaimba wimbo na kumshukuru Mungu. Lakini mwenzetu mmoja aliinua mkono akauliza swali ambalo halijatuacha mpaka leo. Alisema, "Mwalimu, fedha zile walilipwa nani?"

Naam, fedha walilipwa nani? Walilipwa wenye watumwa. Mtu aliyemlimisha mwenzake miaka 10 bila ujira alilipwa kwa kumpoteza. Yule aliyelima miaka 10 hakulipwa hata peni moja. Alipewa karatasi. Na wakati Serikali ya Kiingereza ilipoondoa nguvu ya kisheria ya utumwa pwani yote ya Kenya mwaka 1907, mambo yalikuwa yaleyale: fidia ilikuwa ya mabwana. Mwaka 1908 ikafuata sheria ya hati za mashamba ya pwani, na wengi wa wale waliokuwa watumwa, pamoja na Wamijikenda wengi, wakajikuta ni wakaaji tu juu ya ardhi iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine. Ndugu zetu wa pwani hawahitaji kuelezwa habari ya maskwota. Wameiishi, wao na watoto wao.

Je, hiyo ndiyo haki ya Mungu? Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Ni rahisi mhubiri kusimama akasema, "Tazameni, Mungu alishinda mwaka 1889," kisha watu wakapiga makofi na kwenda nyumbani. Lakini tufungue tena kitabu kilekile cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, aya ya 12 mpaka 15. Hapo Mungu anasema mtumwa akiachwa huru asiondoke mikono mitupu. Bwana wake ampakie kwa ukarimu: katika kundi lake la kondoo, katika nafaka yake, katika divai yake. Kwa nini? Kwa sababu Israeli nao walikuwa watumwa, na Bwana aliwakomboa. Mbele za Mungu, mwenye deni ni bwana, na mwenye kudai ni mtumwa. Rabai, hesabu ilipinduliwa juu chini.

Basi tusiiite fidia ya kampuni haki ya Mungu iliyokamilika. Tuseme hivi: Mungu aliwasikia watoro wale, akawafungulia mlango, hata kwa mkono wa kampuni iliyokuwa ikitafuta faida yake. Alipata kumtumia Koreshi, mfalme asiyemjua, awarudishe Wayahudi kwao. Kumshukuru Mungu kwa mlango uliofunguliwa ni wajibu wetu. Lakini kusema kwamba deni lote limekwisha kulipwa ni uongo, na Mungu hatukuzwi kwa uongo. Kile wanadamu walichokiacha bila kulipa kimebaki katika daftari yake. Hiyo ndiyo sababu tunaamini kwamba kuna siku ya hukumu. Siku ile si habari ya kutishia watoto. Ni habari njema kwa kila mtu aliyelima akafa bila ujira.

Wapendwa, kutokana na habari hizi tunajifunza mambo matatu.

La kwanza, Mungu husikia kabla sheria haijasikia. Soma Kutoka sura ya 2, mwisho wake. Waisraeli waliugua kwa utumwa, na kuugua kwao kukafika juu kwa Mungu. Hawakuwa na wakili. Hawakuwa na hati. Walikuwa na kilio tu, na kilio kilitosha kufungua kesi mbinguni. Wewe unayesikiliza leo, kama umeonewa kazini, au umenyang'anywa urithi, au umetozwa kitu kidogo ili upate kilicho haki yako, usidhani kwamba kesi yako haijasomwa. Imesomwa.

La pili, kumtumaini Mungu ni kufungua mlango. Watoro wa Rabai hawakukombolewa kwanza na pauni za Mackenzie. Zile pauni zilikuja mwishoni. Kama Jones na Wakristo wenzake wasingewapokea, hapangekuwa na mtu Rabai wa kuhesabiwa. Fedha zilitolewa kwa ajili ya watu ambao tayari walikuwa wamefichwa, wamelishwa na kubatizwa. Haki iliyoonekana mwaka 1889 ilianza miaka mingi nyuma, usiku, mtu alipobisha na mwingine akainuka kumfungulia.

La tatu, tusiwe watu wa nusu ya Paulo. Kanisa letu limepata kurudisha watu waliokimbilia kwetu. Huenda hatuwarudishi leo kwa kamba. Twawarudisha kwa maneno mazuri. Binti anayepigwa na mumewe akija kwa mchungaji, twamwambia, "Rudi, vumilia, omba." Kijana aliyefanya kazi miezi mitatu bila mshahara, na mwajiri wake ni mtu anayetoa sana kwenye harambee ya kanisa, twamwambia, "Usilete fitina." Tukimrudisha mtu, je, tunakwenda naye? Je, tunasema kama Paulo, "Deni lake liandikwe kwangu"? Tusiposema hivyo, tunyamaze juu ya Filemoni.

Sasa turudi kwa yule mama. Twakumbuka mfano wa Bwana Yesu katika Luka sura ya 18, wa mjane na kadhi dhalimu. Tumeuhubiri mara nyingi kuwa ni mfano wa kuomba bila kukata tamaa, na kweli ndivyo. Lakini angalieni yule mjane alivyoomba. Aliomba kwa miguu. Alikwenda, akarudi, akaenda tena, mpaka kadhi akachoka. Na Yesu akamweka mbele yetu kuwa kielelezo cha imani. Tulipoisoma sura hiyo tena ndipo tulipoona kwamba mama wa parishi yetu, kwa kupanda gari kila mwezi na faili lake ndani ya kiondo, alikuwa akihubiri, na sisi tuliokunywa chai yake ndio tuliokuwa hatujasikia.

Basi tulirudi kwake, tukamwomba radhi. Mwezi uliofuata tulifuatana naye, sisi, mzee wa kanisa, na akina mama watatu wa Mothers' Union wakiwa wamevaa sare zao. Tuliketi kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Saa nane tukaambiwa turudi mwezi ujao. Mama akatuangalia, akatabasamu kidogo, akasema, "Sasa, Pasta, umejua njia."

Kesi ile haijakwisha. Tungependa kuwaambia kwamba imekwisha na mama amepata shamba lake, lakini hatutawaambia lisilokuwa. Tunachoweza kuwaambia ni kwamba haendi tena peke yake. Na tunajua kwamba katika ile daftari ya Mungu, ambamo yameandikwa majina ya watoro wa Rabai tusiowajua sisi, jina lake limo.

Ukipita Kengeleni siku moja, wewe msikilizaji, shuka garini usimame kidogo. Ikumbuke kengele ile iliyowaita watu kusali, tena ikawaita watu kuamka wamlinde jirani. Ilikuwa kengele moja. Walioisikia hawakuhitaji kengele mbili.

Na tuombe.

Ee Mungu mwenye haki, wewe uliyesikia kuugua kwa Waisraeli kule Misri, ukasikia nyayo za watoro katika njia za Rabai, usikie leo kilio cha wote wanaoonewa katika nchi yetu. Utusamehe sisi tuliolitaja jina lako ili tusiwasaidie jirani zetu. Wape waliochoka kungoja nguvu ya kurudi tena kesho. Walainishe mioyo waliotwaa kisicho chao, wakirudishe kungali mchana. Utupe sisi Kanisa lako masikio ya kusikia mtu anapobisha, na miguu ya kuinuka kumfungulia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyelichukua deni letu likaandikwa juu yake. Amina.